Kibati cha Matundu Mawili

Wewe ulijitia hamnazo. Usigeuze shingo kumtafuta aliye nyuma yako, unayeambiwa ni wewe. Ulipita barabara ya Runzewe kwenda Geita ukaona mlima wa kijivu usio na mti hata mmoja, na watu wakiukwea kwa magoti, ndoo na viroba mgongoni. Ukamwuliza jirani yako kile ni nini. Akakujibu ni magwangala, mawe ambayo mgodi umeyatupa kwa kuwa dhahabu iliyobaki ndani yake haiwatoshi, na wale ni watu wanaokwenda kuyaokota wakayasage, wapate walau punje. Ukasema ahaa. Ukarudi kwenye simu yako. Na siku redio iliposema kuna mama kauawa kwa risasi pale pale, ulisema masikini, kisha ukauliza mpira umeishaje.

Basi leo utakaa usikie yote, maana uliyopewa redioni ilikuwa nusu ya habari, na kwa nusu hiyo kuna mtu anaoza mahabusu.

Onesmo alikuwa mlinzi kwenye mnara wa mashariki, ule unaotazamana na mlima wa magwangala. Mrefu, mkavu, mtu wa kucheka kwa pua. Chini ya mlima huo, kabla haujawa mlima, palikuwa na shamba la pamba la baba yake. Walihamishwa yeye akiwa bado wa kuchunga ndama, wakaahidiwa kisima, zahanati, na ajira kwa vijana. Kisima hakikuchimbwa. Zahanati ilijengwa ikafika usawa wa madirisha, na sasa mbuzi wanalala humo. Ajira ndiyo ilikuja. Onesmo aliporudi kutoka jeshi la kujenga taifa akiwa na sifa ya shabaha, kampuni ya ulinzi ilimpa sare, ikampandisha ngazi ya mnara, ikamwambia alinde mawe yaliyolalia shamba la baba yake, ndugu zake wasiyaibe. Wenye mgodi wamelisahau hilo. Wewe hukuwahi kulijua. Hapa linakumbukwa.

Bunduki za kampuni zilikuwa kuukuu, za mti na chuma, zile za kukoki kwa mkono kila risasi. Hazikuwa na darubini. Mbele, mwisho wa mtutu, kuna kisindano. Nyuma, karibu na jicho, kuna kibati kidogo kilichokunjwa kama herufi L, na kila upande wa kibati una tundu lake. Ukikilaza, linasimama tundu kubwa, la karibu. Ukikiinua kwa kidole gumba kinalia tak, linasimama tundu dogo, la mbali. Kulenga kwake hakuhitaji kukunja uso kama wanavyofanya kwenye filamu. Unaweka shavu kwenye kitako, unatazama kupitia tundu bila kulitazama tundu lenyewe, jicho linatafuta katikati kwa hiari yake, unakisimamisha kisindano pale, unashusha pumzi nusu, unavuta. Tundu kubwa linakupa mtu mzima pamoja na walio kando yake. Tundu dogo linakukatia kipande tu cha dunia, lakini kipande hicho kinang'aa, unaona hadi pindo la nguo.

Tofauti nyingine ni hii. Tundu la mbali limekaa juu zaidi, kwa sababu risasi ya kwenda mbali huzama njiani na lazima irushwe kwa kuinuliwa. Ukilitumia kwa mtu aliye karibu, mtutu unakuwa umeinua pua bila wewe kuhisi. Umelenga paji la uso, risasi inapita juu ya kichwa kwa urefu wa mkono.

Juu ya jambo hilo Onesmo alijenga siri yake.

Kampuni ilitaka risasi zilie. Mlinzi aliyeshuka mnarani na risasi zote alizopanda nazo alionekana mvivu, au mshirika wa wezi. Na kulenga mawinguni haikuwezekana, kwa kuwa wasimamizi walikaa ofisini na darubini zao, wakitazama mlinzi kaelekeza wapi. Kwa hiyo Onesmo aliinua kibati. Watu walipofika chini ya mlima aliwalenga usoni, kwa makusudi kabisa, msimamizi akimwona na kuridhika, akavuta, na risasi ikawapita juu ikazama kwenye kifusi nyuma yao. Waliosikia ule mluzi walilala chini, wakakusanya ndoo zao, wakaondoka bila haraka. Wakishaanza kukwea juu, hakupiga tena, maana risasi inayompita mmoja ingempata aliye juu yake.

Aliwafundisha wenzake mmoja mmoja, jinsi ya kufanya tu, si kwa nini risasi inapanda. Ikawa desturi ya mnara wa mashariki. Mlinzi mpya, kabla hajaonyeshwa choo kilipo, aliambiwa kwa sauti ya chini, Kisukuma kikichanganyika na Kiswahili: mashariki kibati kinasimama, unalenga uso. Aliyekabidhi bunduki aliikabidhi kibati kikiwa juu, na aliyepokea hakuuliza. Kwa muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyetoka damu pale.

Kati ya waliokuja magwangala alikuwamo Euphrasia, mama Wiliam, mke wa Maganga, na Maganga ni kaka mkubwa wa Onesmo. Mwanamke mfupi, mwenye mdomo usio na breki. Alikuja alasiri na ndoo yake ya njano, akasimama nje ya uzio, akaweka kiganja juu ya macho, akamsalimu mlinzi kama anayepita nyumbani kwake: mwadila, shemeji. Kisha akaanza. Leo umekula kweli, mbona bunduki inaonekana nzito kuliko wewe. Shuka unitwike ndoo, hiyo kazi ya kukaa juu kama kunguru umeisomea wapi. Wanawake wenzake walijishika mbavu. Onesmo, aliyekatazwa kuzungumza akiwa zamu, alicheka kwa pua akatazama kando. Siku moja risasi yake ilipita, wote wakalala, na Euphrasia ndiye wa kwanza kuinuka. Alivua kilemba, akakikung'uta vumbi, akapaza sauti.

"Shemeji, umenichana nywele vibaya. Rudia upande wa kushoto."

Alijua. Hakuwahi kuambiwa na mtu, lakini alijua.

Ndipo akaja mkuu mpya wa ulinzi, Sostenes. Mtu mpole wa sauti, suruali imepigwa pasi hadi mstari unakata. Alitazama maganda ya risasi yaliyorudishwa kutoka mashariki, akauliza waliojeruhiwa ni wangapi, akaambiwa hakuna. Akatabasamu. Asubuhi iliyofuata aliwapanga walinzi wote mstari, akawaambia ama wao ni vipofu, ama wanamfanya yeye mjinga, na kwamba yote mawili yana dawa. Kisha akasema neno ambalo kila aliyekuwa mstarini alilisikia.

"Sisi hatuui watu. Kuanzia leo mnalenga miguu. Mguu unapona."

Baadhi walipiga makofi. Ilisikika kama huruma, hebu fikiria. Wageni waliokuja baadaye kuuliza habari za haki za binadamu walielezwa kwamba mgodi huu unajali, hautaki kuua.

Onesmo hakupiga makofi. Yeye aliona kitu ambacho Sostenes hakukijua. Ukiwa na tundu la mbali, ukalenga goti la mtu aliye karibu, risasi hupanda urefu wa mkono. Pima kwenye mwili wako mwenyewe, kutoka goti kwenda juu, uone mkono unaishia wapi. Huruma yake na hiyo ya Sostenes, zikikutana kwenye kibati kimoja, zinaua.

Hakuweza kusema pale. Kusema pale ni kutoboa kwamba walinzi wa mashariki wamekuwa wakikosa kwa makusudi, na wote wangemwaga unga, pengine na kufungwa. Akafanya alivyofanya mwanzo, mtu kwa mtu: kwenye foleni ya uji, nyuma ya stoo, mlangoni mwa bafu. Kibati kilale. Lenga jiwe lililo kando ya mguu, usilenge mguu. Wakaelewa. Bunduki ya mashariki ikaanza kukabidhiwa kibati kikiwa chini.

Akabaki mtu mmoja, Januari.

Januari alikuwa Msumbwa wa Runzewe, mwimbaji wa kwaya, mpole wa kusahaulika. Macho yake yalikuwa mabovu, jambo alilowaficha waajiri, nao hawakuwahi kumpima. Tundu dogo lilikuwa miwani yake. Kupitia hilo, alisema, vitu vinarudi kuwa na kingo. Wiki ile ya amri alikuwa kwao, kamzika mama yake.

Onesmo alikwenda kuhani. Walikaa mkeka mmoja, bega kwa bega, wakala maharage kwenye sahani moja. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kwao mtu aliye kwenye matanga haambiwi habari za kazi. Mpaka anyolewe nywele na mkeka ukunjwe, unampa pole, unakula, unanyamaza. Na kutaja bunduki ndani ya nyumba yenye msiba, hilo ni la mtu anayetaka kuongeza maiti. Onesmo alilelewa vizuri. Akameza neno pamoja na maharage, akaaga, akijipa moyo kwamba Januari akirudi kazini atamdaka getini kabla hajagusa chochote.

Januari alirudi mapema kuliko alivyotarajiwa. Siku hiyo Onesmo alikuwa mapumzikoni, amekwenda Kambarage, Shinyanga mjini, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Mlinzi wa zamu ya mashariki alikuwa kalala na malaria. Sostenes akamwona Januari anaingia getini, kichwa kimetoka kunyolewa, akampandisha mnarani moja kwa moja, naye akapanda nyuma yake. Alitaka kuona kwa macho yake amri ya miguu ikitekelezwa.

Januari aliipokea bunduki akakuta kibati kimelala. Hakushangaa sana. Alidhani aliyemtangulia amesahau, au ngazi imekigonga. Akakirekebisha kwa kidole gumba, kama Onesmo alivyomfundisha.

Malori ya mgodi yakamwaga magwangala mapya. Vumbi lilipotulia watu walikuwa wamepita uzio. Euphrasia alikuwa mbele. Alisimama chini ya mlima, akaweka kiganja juu ya macho, akautazama mnara, jua likimchoma, asiweze kutambua nani yuko juu.

"Mwadila, shemeji."

Sostenes alimwonyesha Januari kwa kidole: yule wa ndoo ya njano. Mguu. Januari aliweka shavu. Kwa macho matupu watu wale walikuwa ukungu wa rangi rangi tu, lakini ndani ya tundu dogo aliona goti, na pindo la kitenge juu yake, safi kabisa. Alijisemea mguu unapona, kama mkuu wake alivyomwambia wakipanda ngazi. Akavuta.

Euphrasia alikaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu. Wenzake walilala kwa mazoea, wakasubiri ainuke kwanza yeye, aseme neno la kuchekesha. Walisubiri sana.

Onesmo aliipata habari akiwa na sahani ya pilau mkononi. Aliyempigia simu alisema kifuani, na hakuwa na haja ya kusikia zaidi. Aliiweka sahani chini ya kiti, akaenda stendi bila kuaga.

Kampuni haikuchelewa kuwa na maneno. Ilisema taratibu zake zinakataza kumpiga mtu risasi. Ilisema mlinzi huyo alitenda kwa akili yake mwenyewe, kwamba alikuwa na msiba na hakuwa sawa, na tena marehemu alizoea kuwatukana walinzi. Sostenes alisema hajawahi kuamuru risasi kwa mtu yeyote, na kwamba mnarani alikuwa amepanda kukagua ngazi. Yeye ndiye aliyeibeba bunduki kutoka juu na kuwakabidhi polisi. Ilipofika mikononi mwao, kibati kilikuwa kimelala. Kama kiligongwa kwenye ngazi ama kililazwa, Mungu anajua, na huenda Sostenes naye anajua.

Januari akafunguliwa kesi ya mauaji. Haina dhamana hiyo.

Siku ya mazishi Maganga alikaa karibu na kaburi, mikono imelegea magotini. Alimwambia mdogo wake kwamba hataki chochote, hataki ng'ombe wala mchele wa kampuni, anataka kamba tu ipite kwenye shingo ya yule kijana. Onesmo alichota udongo akamwaga, akachota tena. Kila koleo aliloinua lilimwambia jambo lile lile, kwamba kamba hiyo ina shingo nyingine.

Alikwenda kumwona Januari. Walizungumza kupitia nondo, askari akiwa hatua chache nyuma yao akichokonoa meno. Januari alikuwa amekonda, nywele zimeanza kuota vipara vipara. Alimshika Onesmo kidole akamvuta karibu.

"Kaka, nililenga goti. Sijui imekuwaje. Lakini la kibati sijasema."

Onesmo akamwuliza kwa nini hajasema.

"Nikisema, nyote mmeisha. Una watoto, kaka. Mimi mama ameshakwenda, nani ananingoja?"

Hapo ndipo Onesmo alipomweleza kwa nini risasi ilipanda. Alieleza polepole, kwa Kisukuma, ili askari asielewe. Januari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: siku ile pale mkekani, ulikuwa unajua? Onesmo akatikisa kichwa kukubali. Januari akakiachia kidole.

Mpelelezi wa kesi alikuwa mwanamke, Afande Rebeka, mtu wa kutafuna penseli na kuuliza jambo mara mbili. Mshtakiwa alikuwa anang'ang'ania goti, na risasi ilikuwa kifuani. Alitaka bunduki ijaribiwe pale pale mbele ya mlima, kutoka mnara ule ule, aone kama ina kasoro. Sostenes alikubali kwa moyo mweupe, akamteua Onesmo afyatue. Alikuwa na sababu mbili. Onesmo ndiye mwenye shabaha kuliko wote, na Onesmo ni shemeji wa marehemu, nani angesema anampendelea muuaji? Jioni kabla ya jaribio alimwita pembeni, akamshika bega, akamwambia kiongozi wa zamu ya mashariki anahitajika, mtu mwenye utulivu. Akamwambia kazi ya kesho ni nyepesi. Lenga goti, piga goti, kila mtu arudi nyumbani.

Asubuhi wakakusanyika. Gunia limekunjuliwa na kupigiliwa kwenye nguzo mbili, na juu yake mtu amechorwa kwa mkaa. Afande alimwuliza Maganga mkewe alikuwa na urefu gani. Maganga hakutaja kipimo, aliinua kiganja akakiweka kwenye titi lake, pale kichwa cha Euphrasia kilipokuwa kikifika alipomkumbatia. Wakachora hapo. Walinzi waliosimama mstarini siku ya amri walikuwapo wote, wamepangwa tena, sare zimefuliwa.

Onesmo alipanda ngazi, Afande Rebeka na Sostenes wakifuata, na Maganga nyuma yao, kwa kuwa aliomba kuona na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Bunduki ilikuwa mezani kibati kimelala. Akaweka shavu. Tundu kubwa likampa gunia zima, na mlima nyuma yake, na wenzake pembeni wamejikunyata kama kuku wa mvua. Akalisimamisha goti la mkaa juu ya kisindano, akavuta. Aliyekuwa chini akakimbia kuangalia, akaonyesha kwa mkono: mguuni, kidogo juu ya goti.

Sostenes alipumua.

"Afande, umeona. Bunduki haina kosa. Mwenye kosa ni mtu."

Afande Rebeka alitikisa kichwa kukubali na kuanza kufunga mkoba wake. Maganga alikuwa amekunja ngumi, macho yamemjaa maji, kwa kuwa ndilo alilokuja kulisikia. Jambo lilikuwa limekwisha. Onesmo alichotakiwa kufanya ni kuinuka tu, ashuke ngazi, akawe kiongozi wa zamu, na kaka yake apate usingizi.

Hakuinuka. Shavu lake lilibaki kwenye mti wa kitako. Alikifikisha kidole gumba kwenye kibati, na kidole kikagoma. Wote walimwona akihangaika na kijichuma kidogo namna ile, mtu mzima. Kisha kikalia.

"Afande," alisema bila kugeuka, "kibati kina matundu mawili. Umepima moja."

Sostenes alisema jaribio limekwisha, akanyoosha mkono kuichukua bunduki. Afande Rebeka akamwambia akae mbali. Onesmo akakoki, akalenga goti lile lile, mahali pale pale. Ndani ya tundu dogo hakukuwa na mlima wala wenzake, lilikuwapo goti tu. Akavuta.

Mtu wa chini alikimbia mpaka kwenye gunia, akainama kwenye mguu, akatafuta. Akazunguka nyuma. Akasimama wima, akaweka kidole kwenye tundu jipya, na hakuhitaji kupaza sauti. Lilikuwa kifuani. Pale pale alipopigwa Euphrasia.

Hapo Onesmo akaweka bunduki chini, akasema yote. Alisema yeye ndiye aliyeanzisha kibati kusimama, ili watu wasiuawe. Alisema aliwafundisha wote, Januari akiwamo. Alisema ilipokuja amri ya miguu aliwaonya wote isipokuwa Januari, kwa kuwa alikuwa msibani, na kwamba alikaa naye mkeka mmoja akanyamaza. Alisema Januari alifanya yale mawili aliyoambiwa, moja na yeye Onesmo, moja na mkuu wake. Kisha akamnyooshea Sostenes kidole, akasema amri ya miguu alitoa huyu, na huyu ndiye aliyemwonyesha Januari mguu wa kupiga.

Sostenes alicheka kidogo. Akauliza nani mwingine aliyeisikia hiyo amri.

Afande Rebeka aliinama juu ya ukingo wa mnara akawauliza walinzi waliokuwa mstarini. Aliuliza mara mbili, kama kawaida yake. Wakatazama viatu vyao. Mmoja alikohoa. Watu waliokula uji pamoja, waliopokezana bunduki ile ile, walikuwa ghafla wamezaliwa viziwi.

Maganga alimsogelea mdogo wake. Onesmo alijiandaa kupigwa, na angeshukuru. Lakini Maganga alisimama tu mbele yake, akimwangalia kama mtu anayetafuta jina la mgeni.

"Alikuwa anakuja nyumbani ananiambia, nimemkuta shemeji, kanichana nywele," alisema. "Alikuwa anacheka sana."

Akashuka ngazi. Hajaingia nyumbani kwa Onesmo tangu siku hiyo.

Sasa sikia yaliyofuata, maana hayakutangazwa redioni. Onesmo alifukuzwa kazi kabla jua halijafika katikati, na jalada lake mwenyewe linaandaliwa, kwa sababu amekiri kwa kinywa chake. Sostenes amehamishiwa mgodi mwingine, mkubwa zaidi. Vibati vya bunduki zote vimechomelewa, vimelala daima, tundu la mbali limebanwa na chuma. Pale mashariki sasa walinzi wanalenga miguu na wanapata miguu. Mwanamke mmoja amekatwa wake. Mguu unapona, alisema.

Na Januari bado yuko ndani. Afande Rebeka aliandika alichokiona, lakini mwendesha mashtaka anasema jaribio linathibitisha tundu tu, halithibitishi amri. Bila amri, yeye ni mtu aliyeamua mwenyewe kuelekeza bunduki kwa mama aliyebeba ndoo. Linahitajika neno la mtu wa pili aliyeisikia. Mmoja tu anatosha. Waliosikia walijaa mstari mzima, na mpaka leo hakuna aliyefumbua mdomo.

Watu hao hawajapotea. Wanaishi. Wamepanga vyumba Kahama, Runzewe, Kambarage, Mwakitolyo. Mmoja anasali jumuiya moja na wewe. Mmoja ni fundi aliyekupigia plasta baada ya kuacha ulinzi, na alikuambia akiwa juu ya ngazi kwamba kuna jambo linamkosesha usingizi, ukamwambia apige kazi kwanza. Mmoja amekuolea dada. Unamjua, na unajua kwamba alikuwa kule.

Kesi inatajwa Alhamisi asubuhi. Usimwombee Januari, maombi yake anayo ya kutosha, ni mwanakwaya. Funga hicho unachokisoma, nenda kamgongee mtu huyo mlango, akikuambia ana watoto mwambie watoto wake mtawalea pamoja, akikuambia anaogopa mwambie mtaingia wawili. Mshike mkono mpaka kizimbani na usimwachie mpaka aseme alichokisikia. Usingoje Jumatano. Vaa viatu, uende sasa hivi.